Walichonitoa Mguuni Hakikuwa Uchawi

Nina umri wa miaka ishirini na saba. Sina mke, sina mtoto, na shule niliiacha mapema kwa sababu maswali yangu yalimchosha mwalimu, na fimbo yake ilinichosha mimi. Mguu wangu wa kushoto, kuanzia gotini kwenda chini, unawaka moto hivi sasa ninapowaandikia. Msidhani natia chumvi... Unawaka!

Ndugu wasomaji, nimesoma mikasa ya wengi. Waliokimbiwa na wake zao, waliodhulumiwa urithi, waliozikwa wangali hai kwa masengenyo. Mkasa wangu mimi ni wa mguu. Cheka ukitaka. Lakini soma mpaka mwisho, kisha jiulize kama bado unacheka.

Asubuhi moja ya mwaka ule wa Mapinduzi, shangazi yangu Bi Mwanaidi, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, alinituma mkate wa ajemi. Tulikuwa tukikaa Mlandege, nyuma ya maduka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikatoka na kikoi changu na shati moja, sina mpango wowote kichwani. Wallahi sikuwa nao! Kwa muuza mikate nikakuta watu wamejaa. Nikasema, ngoja niteremke bandarini nitazame meli, nitarudi watu wakipungua.

Bandarini nikaikuta meli ya mizigo inapakia karafuu, na mpishi wake anatafuta mtu wa kumenya viazi. Nikamwuliza meli inakwenda wapi. Akasema, mbali. Nikamwuliza mbali ni wapi... Mpaka anamaliza kunijibu, mimi nshakaa juu ya gunia na kisu mkononi.

Ndivyo nilivyo. Kitu nisichokijua hunivuta kama sukari inavyovuta sisimizi.

Miaka ile ya baharini siwezi kuijutia. Niliona miji, niliona theluji, niliokota maneno ya lugha za watu. Lakini siku moja, katika mji wa bandari huko Ulaya, mji ambao mvua yake haikatiki, winchi ilikuwa inashusha kasha la chuma, na mnyororo ukaachia. Wenzangu waliruka. Mimi nilikuwa natazama jinsi winchi inavyofanya kazi...

Kasha lilitua juu ya mguu wangu wa kushoto.

Mifupa iliunga. Ngozi ilifunga. Daktari alipiga picha, akasema mguu umepona. Umepona? Basi mbona unaungua? Kidonda hakuna, uvimbe hakuna, na mimi nalia kama mtoto! Upepo wa feni ukipita juu ya mguu, nalia. Shuka ikiugusa, nalia. Ikabidi wauguzi waweke kizimba cha nyaya juu ya mguu ili shuka ikae juu ya kizimba, isiniguse. Chini ya kizimba kile ndiko nilikopata usingizi wangu wa kwanza.

Kulikuwa na daktari mmoja mrefu, mwenye mikono baridi, aliyekuwa akija kukaa kitandani pangu. Kwa lugha yangu ya kuokota nilimwuliza, mguu uliopona unaumaje? Akanijibu jawabu ambalo sitalisahau. Alisema, nyumba yako iliingiliwa na mwizi, mbwa akabweka. Mwizi ameondoka zamani, lakini mbwa bado anabweka. Mbwa huyo ni mshipa wako wa fahamu. Hatuwezi kumuua. Tutampa kitu cha kutafuna.

Akanipasua upande wa ndani wa goti. Akaniwekea kisahani cha chuma, kipana kama shilingi, chini ya ngozi, na waya mwembamba kama uzi unaokwenda mpaka kwenye mshipa. Nje nilipewa kisanduku, ukubwa wa kipande cha sabuni, cha kuvaa kiunoni. Kisanduku kina waya wenye pete mwisho wake. Pete ile naibandika kwa plasta juu ya kisahani, naweka betri ndogo za redio, nazungusha kidude... Na mguu unaanza kutetema kwa ndani, taratibu, kama ganzi inapoachia.

Na moto unazimika!

Ndugu zangu, mtu ambaye hajaungua hajui maana ya kuzimika. Nilicheka wodini mpaka wagonjwa wengine wakacheka na wao. Daktari akanionya, kitu hiki ni kipya, watu walio nacho ni wachache duniani, kitunze kama jicho lako.

Nilirudi Unguja na mkongojo mkononi na kisanduku kiunoni. Shangazi alifungua mlango, akanitazama usoni, akatazama mguu, akatazama mkongojo. Machozi yakamtoka. Kisha akasema:

"Na mkate wangu uko wapi?"

Tukakumbatiana pale pale mlangoni.

Mji nilioukuta haukuwa ule niliouacha. Michenzani walikuwa wanabomoa vibanda na kuinua majumba marefu, na Wajerumani na mitambo yao. Rafiki yangu wa utotoni, Pandu, alikuwa kibarua pale. Pandu tulikua pamoja, tulichapwa fimbo moja, tuliiba maembe ya uwa mmoja. Huyo ndiye mtu pekee niliyemwonyesha kila kitu. Nilimshika kidole nikamwekea juu ya ngozi ya goti langu, akakipapasa kisahani, akaruka nyuma.

"We Makame! Umekuwa redio?"

"Redio ya kituo kimoja tu," nikamwambia.

Shangazi nilimweleza pia, lakini yeye aliziba masikio. Alisema mambo ya kupasuliwa yanamtia kichefuchefu.

Nataka mjue Pandu alikuwa nani kwangu, la sivyo hamtajua nilichopoteza. Kwa mgonjwa kama mimi, udhu peke yake ni mtihani. Maji yakimwagika juu ya ule mguu, kisanduku kikiwa kimezimwa, roho inafika kooni. Na msikitini ndiyo zaidi. Sote tunajua safu haitakiwi kuwa na mwanya, bega kwa bega, mguu kwa mguu. Ijumaa ya kwanza mzee mmoja alibana mguu wake kwenye wangu kwa nia njema kabisa, nikapiga ukelele msikiti mzima ukageuka! Tangu siku ile Pandu akawa anasimama kushoto kwangu. Kila sala tuliyosali pamoja alisimama kushoto kwangu, na kati ya mguu wake na wangu aliacha upana wa kidole. Wala sikumwomba. Alisimama tu.

Na betri zilipoadimika madukani, kama vilivyoadimika vitu vingine, Pandu ndiye aliyeniletea. Aliziomba kwa Wajerumani wa Michenzani. Nilimwombea dua kwa jina lake.

Balaa lilianza kwa midomo ya watu. Kisanduku kiunoni, waya unaingia kwenye kikoi... nani asiyeona? Na mimi nimetoka nje ya nchi. Wakaanza kunong'ona kwamba nina mtambo wa kupelekea maneno ng'ambo. Siku zile maneno kama hayo si ya mchezo! Mjumbe wa mtaa akaja kumwuliza shangazi, kwa upole, ule upole unaotisha, kijana wake anasikiliza redio gani. Shangazi alimsindikiza mlangoni, akarudi akatia komeo mchana kweupe.

Pandu ndiye aliyekuja na shauri. Tulikuwa tumekaa barazani, shangazi anachambua mchele.

"Bi Mwanaidi, tiba ya midomo ni moja," akasema. "Makame apungwe. Tumpeleke kwa Fundi Kombo. Watu wakiona anachezewa ngoma, watasema maskini, kumbe ana jini. Mwenye jini haogopwi na serikali."

"Anaogopwa na nani?" nikauliza.

"Na wakwe," akasema Pandu, na shangazi akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kwetu mganga wa pepo tunamwita fundi. Fundi Kombo wa Jang'ombe alikuwa na jina, ingawa jina lenyewe lilikuwa limeanza kuchakaa. Alikuwa maarufu kwa kuumika. Anachanja kwa wembe, anaweka pembe, ananyonya, kisha anatema uchawi aliokutoa mwilini. Kucha, vigae, nywele zilizofungwa fundo. Mimi nilijua ni kiini macho. Lakini nilijua pia kwamba Pandu alikuwa anampenda Tatu, binti wa Fundi Kombo, na kwamba mzee alishamkatalia, alisema hamwozi mwanawe kibarua wa zege. Nilijua yote mawili, na sikuyaweka pamoja! Mtu mdadisi kama mimi, niliyeuliza maswali duniani kote... hili sikuliuliza.

Nilikubali. Nilisema, niumikeni wayo, niumikeni mgongo, lakini goti msiliguse. Pandu akasema, "Mimi nitakuwapo. Nani atakugusa goti nami nipo?"

Ngoma ilikuwa baada ya alasiri, uwani kwa fundi. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Walinifunika kaniki, wakanifukiza mafusho makali mpaka nikawa sijui juu ni wapi na chini ni wapi. Kisanduku Pandu alikuwa amenivua, amesema ashike yeye kisije kikavunjika. Bila kisanduku mguu ukaanza kuwaka. Nikaanza kujipindapinda, na wale watu, wakidhani jini limepanda, wakazidisha vigelegele!

Nikasikia mikono inanikandamiza mabega. Nikageuza kichwa. Ilikuwa mikono ya Pandu.

Kisha wembe. Si wayoni. Upande wa ndani wa goti.

Nilipiga kelele, "Hapo sipo! Pandu, waambie hapo sipo!" Na Pandu akasema kwa sauti kubwa, watu wote wasikie, "Jini lenyewe hilo linasema! Linaogopa!"

Wembe ukaingia ndani zaidi ya chale yoyote. Nikahisi kitu kinavutwa, kinavutwa kutoka kwenye unyayo mpaka kwenye meno yangu... Waya ule ulikuwa umekumbatia mshipa wangu wa fahamu, na waliung'oa kama mtu anavyong'oa mzizi wa muhogo. Kitu cha mwisho nilichokiona kabla sijazimia ni uso wa Fundi Kombo. Alikuwa ameshika kisahani changu kwa vidole viwili, waya unaning'inia, unachuruzika damu. Watu walikuwa wanapiga takbira. Yeye peke yake hakufurahi. Alikuwa ametoa macho kama aliyeona maiti inakaa.

Mila inataka uchawi ukishatolewa uchomwe, kisha utupwe baharini. Wakakichoma juu ya makaa. Jioni ile ile wakakitupa. Jicho langu... lile jicho nililoambiwa nilitunze!

Goti lilioza. Nililazwa hospitali, na daktari wa pale aliponiuliza nani amenikata, niligeukia ukutani. Walifanya walichoweza. Kidonda kilifunga, lakini mbwa aliamka, ndugu zangu, na sasa hana cha kutafuna. Moto uliokuwa unaishia kifundoni ukapanda mpaka gotini. Kisanduku Pandu alimrudishia shangazi, kizima, bila mkwaruzo. Nilikuwa nakibandika juu ya kovu, nazungusha kidude... kimya. Nazungusha tena... kimya. Mara ngapi nilifanya hivyo? Mwulizeni shangazi. Alikuwa anatoka chumbani ili asinione.

Nilikuwa bado kitandani nilipoambiwa Pandu anaoa. Anamwoa Tatu! Fundi Kombo sasa alikuwa na wagonjwa mpaka wa kutoka Pemba, wanakuja kwa fundi aliyetoa uchawi wa chuma. Na kijana aliyempelekea mgonjwa yule akapewa mke, na watu wakaanza kusema ndiye atakayerithi mkoba wa uganga.

Hata hapo, mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri Pandu alikandamiza mabega yangu kwa kuwa alichanganyikiwa. Nilimtafutia udhuru mpaka udhuru wenyewe ukanihurumia.

Aliyenifungua macho ni Fundi Kombo mwenyewe. Alikuja asubuhi moja, peke yake, amejifunika kilemba mpaka kwenye nyusi. Shangazi akamwekea kahawa, hakuigusa.

"Makame, mwanangu," akasema, "mimi naganga tangu sijaota ndevu. Nimetoa kucha, nimetoa vigae. Nikwambie siri?"

"Naam, mzee."

"Vyote huingia kinywani mwangu kabla sijaweka pembe." Akatazama mlango. "Lakini kile chako... kile sikukitia mimi! Nnaapa kwa Mola! Kile kilikuwamo!"

Nikamwambia najua.

"Pandu alinijia kabla ya ngoma. Akasema ameota. Akasema, mzee, kata upande wa ndani wa goti, kata mpaka ukute kigumu. Nikasema, kijana ana kipaji huyu. Nikamwoza mwanangu. Sasa sipati usingizi. N'ambie wewe. Mtu anajuaje uchawi ulipo, kama si yeye aliyeutia?"

Wasomaji wenzangu, nilikaa kitako pale kitandani. Ameota! Kidole chake nilikiweka mwenyewe juu ya kile kisahani!

Na papo hapo nikaona jambo la pili. Mzee huyu anamdhania Pandu mchawi. Neno moja tu litoke kinywani mwangu, hata ndiyo ya kichwa, na Pandu amekwisha. Mke atachukuliwa. Mtaa utamfungia milango. Na nani angenilaumu?

Lakini mimi nimeumbwa vibaya, sijui kusema nisichokijua. Nikamweleza mzee kweli yote. Daktari, mbwa, kisahani, waya, kisanduku. Nikamwonyesha kisanduku chenyewe.

Alikitazama kwa muda. Kisha akanitazama kwa huruma.

"Yaani daktari amchane mtu mzima, amtie chuma, kwa wema wake tu? Na chuma kimponye?" Akatikisa kichwa, akasimama. "Una moyo mzuri, mwanangu. Usimfichie rafiki yako."

Akaondoka. Kahawa ikapoa pale pale.

Haikupita muda Tatu akarudishwa kwao. Hakuna aliyesema kwa sauti, lakini kila mtu alijua. Michenzani vibarua wenzake waliacha kula naye sahani moja. Pandu akaja kwangu, amekonda, hajanyoa.

"Makame, waambie. Waambie ni chuma cha hospitali."

"Nshawaambia."

"Waambie tena!"

"Hawataki, Pandu. Wanataka uchawi. Si wewe uliyewapa?"

Akaketi chini sakafuni akashika kichwa. Akasema alifikiri kisahani kitatoka tu kama mwiba, damu kidogo, kisha nitakwenda hospitali nikawekewe kingine. Kingine! Kama betri! Akasema, "Nilikuwa nampenda, Makame. Mzee alikuwa hanitazami hata usoni." Kisha akalia. Mimi sikulia. Machozi yangu yote yalikuwa yanakwenda mguuni.

Ijumaa iliyofuata nilijikokota msikitini. Nikamwona Pandu amesimama katika safu ya tatu, na kulia kwake kuna mwanya, na kushoto kwake kuna mwanya. Watu wa dini, wanaojua kabisa mwanya haufai, wamemwachia nafasi ya mtu mzima kila upande! Imamu akageuka akasema, "Jazeni mapengo." Hakuna aliyesogea.

Nikaenda nikasimama kulia kwake. Sijui kwa nini. Huenda kwa sababu ya maembe tuliyoiba. Huenda kwa sababu nilikuwa nimechoka kuona watu wakiogopa kitu ambacho hakipo.

Na Pandu, bila kunitazama, akausogeza mguu wake. Akaacha upana wa kidole.

Hapo ndipo nilipomchukia! Si siku ya wembe, si siku ya harusi. Siku ile, katika safu, nyumba ya Mungu... Kwa sababu niliona kwamba alijua. Siku zote alijua maumivu yangu yanaanzia wapi na yanaishia wapi, kwa kipimo cha kidole. Hakunikata kwa ujinga. Ni yeye pekee duniani aliyeyajua maumivu yangu hivyo, na akanishika mabega!

Nilitoa salamu, nikatoka, sikugeuka.

Ndugu wasomaji, nawasihi. Ukiwa na ugonjwa usioonekana, watu watakutafutia jina lake, na jina watakalokupa ni lile linalowatisha wao. Waache waseme. Usitoe mwili wako ili midomo inyamaze! Mimi nilitoa wangu, na midomo haikunyamaza, ilipata tu maneno mapya. Dawa iliyokufaa ishikilie kwa meno, hata dunia nzima icheke. Na anayejua mahali unapoumia, mpende ukitaka, lakini mtazame mikono... Mtazame mikono siku ambayo yeye ana shida yake.

Asubuhi ya pili nilimwambia shangazi natoka kidogo. Akanitazama sana.

"Ukirudi, uje na mkate," akasema, na akaingia ndani upesi.

Darajani nikaikuta lori moja ya abiria inataka kuondoka. Nikamwuliza utingo inakwenda wapi.

"Paje."

"Kuna nini Paje?"

"Kuna Paje," akasema. "Unapanda au unahojiana?"

Nikapanda. Kila shimo la barabara niliomba Mungu anichukue, na kila baada ya shimo nikatoa kichwa nje nione kijiji gani hiki. Hilo halikufa, alhamdulillahi. Mguu umeniachia macho.

Paje nilifika adhuhuri. Sikumjua mtu. Nikauliza msikitini pa kulala, wakanielekeza kwa Bi Mize, mjane anayesokota kamba za makumbi ya nazi, mwanawe amehamia mjini na chumba chake kimebaki. Nilimkuta uwani, nyuzi zimemjaa mapajani.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, baba. Mbona unatembea kama unakanyaga mayai?"

Nikamwambia mguu unauma. Nikangoja aulize nani kanikata, nimekosana na nani, nimekanyaga mzimu gani. Hakuuliza. Akaona kisanduku kiunoni, maana bado nakivaa, sijui nivue vipi.

"Na hiyo redio?"

"Haisemi tena, Bi Mize."

"Basi vizuri. Mie redio zinaniumiza kichwa."

Akanionyesha chumba, kitanda cha kamba, shuka safi. Nikajilaza. Nikaivuta shuka mpaka kifuani, na mguu nikauacha nje, kama kawaida yangu. Bi Mize alikuwa mlangoni na mtungi wa maji. Alisimama akautazama ule mguu uliobaki nje, na jinsi nilivyokuwa nauchunga upepo wa mlangoni usiufikie. Akaweka mtungi chini, akatoka.

Akarudi na tenga, lile analotilia makumbi. Akalikung'uta. Akalipindua juu ya mguu wangu polepole, bila kuugusa, akaivuta shuka na kuitandaza juu ya tenga.

"Mchanga utakusumbua kidogo," akasema. "Hili halijaoshwa."

Akarudi uwani kwenye kamba zake. Mguu ulikuwa unawaka vile vile, chini ya tenga, gizani. Lakini shuka haikunigusa.